Jirani Anayezirai

Naapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kwa kaburi la mama yangu nililolipalilia juzi tu, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Watu wa mtaa wetu wa nyuma ya stesheni wana mdomo. Wananisingizia kwamba natia chumvi kwenye hadithi. Mimi chumvi sijaruhusiwa hata kwenye wali, itakuwa kwenye hadithi?

Basi. Pak Wagiyo, mtengeneza tempe, ile mikate ya soya iliyochachushwa, alianguka asubuhi moja mbele ya pipa la soya linalotokota.

Hakuanguka kwa kishindo kama mti. Alishuka taratibu, kama gunia la mchele lililotobolewa chini, mwiko ukiwa bado mkononi. Kwanza alikaa. Kisha akalala ubavu, shavu likatulia sakafuni, karibu na kuni zinazowaka. Mkewe, Bu Ngatinem, alikuwa pembeni anafuta majani ya mgomba ya kufungia tempe. Aliyatupa majani yote, akamshika mumewe kwenye ukosi wa fulana, akamvuta kama anavyovutwa mbuzi aliyekataa kuvuka mtaro. Povu la soya lilikuwa linamwagika kando ya pipa na kuunguza pale pale ulipokuwa mkono wa mumewe.

"Baba Tarno! Baba Tarno, amka!"

Tarno ni kijana wao, yuko Kalimantan kwenye mashamba ya michikichi miaka sasa. Jina lake tu ndilo lililobaki nyumbani, likifanya kazi ya kuitia wazazi wake.

Pak Wagiyo akafumbua macho. "Kelele za nini asubuhi yote hii?"

"Umezirai!"

"Nani? Mimi?" Akaangalia huku na huku kama mtu anayemtafuta mhusika. "Nilikuwa naangalia sakafu. Ina ufa."

"Unaangalia sakafu kwa shavu?"

"Ufa wenyewe mdogo."

Bu Ngatinem hakucheka. Siku chache kabla ya hapo, mumewe alikuwa "ameangalia" ukuta wa kisima kwa paji la uso. Kabla ya hapo tena, alichutama kujaza upepo tairi la baiskeli, akasinzia hapo hapo, pampu mkononi. Mara zote mama wa watu alinyamaza. Mwanaume wa umri ule humwambii kwamba anaanguka, unamwokotea kofia yake na kumpa. Lakini safari hii aliliangalia pipa, akaangalia lile povu, akaangalia mkono wa mumewe.

"Alhamisi tunakwenda kwa daktari wa moyo," alisema.

"Nilikwenda mwezi uliopita. Alisema mimi mzima."

"Hakusema wewe mzima. Wewe ndiye uliyesema mzima. Yeye aliandika tu."

Na hapo ndipo penye shida yenyewe. Nyumbani, Pak Wagiyo hulalamika kama kawaida ya waume: mgongo, supu haina ladha, serikali. Lakini mweke mbele ya daktari, anakuwa mgeni mwalikwa kwenye harusi ya watu. Daktari akimuuliza hali, anajibu njema, kwa baraka zako. Kumwaga matatizo yako mezani kwa mtu mwenye shughuli zake, tena mtu aliyesoma, kwake yeye ni sawa na kuingia sebuleni kwa watu na matope miguuni. Siku ya hospitali huoga mara mbili, hunyoa, hupaka mafuta nywele, huvaa shati lake la batiki la mikono mirefu lenye vifungo vingi kuliko mabomba ya choo cha shule. Tangu alfajiri hanyanyui kitu, hasemi kwa nguvu, hali chochote chenye ladha, ili presha yake ikipimwa ionekane nadhifu. Kama unavyofagia uwanja mgeni akija, naye alifagia mwili.

Mgeni mwenyewe, huyo daktari wa moyo, alikuja kutoka mji mkubwa Alhamisi peke yake. Wilaya nzima yenye moyo mbovu ilimsubiri siku hiyo moja. Kila mgonjwa alipata muda wa kumenya chungwa, tena dogo.

* * *

Jirani yao wa ukuta mmoja ni Pak Kasiran, mstaafu wa posta, mtu mwerevu, mwenye ushauri mzuri na sura ya kupendeza kwa umri wake. Mimi nasema ukweli tu, simpambi. Bu Ngatinem alimwendea akamweleza, maana mumewe humsikiliza kuliko anavyomsikiliza imamu. Jioni ile ile Pak Kasiran akaja na taulo shingoni badala ya kile kipimo cha madaktari, akaketi kwenye kiti cha plastiki barazani, akakunja uso.

"Leo mimi ndiye daktari," alisema. "Wagiyo, toka nje, uingie."

"Mimi nimo ndani ya nyumba yangu," Pak Wagiyo alisema.

"Toka nje ya nyumba yako, uingie hospitalini kwangu."

Akatoka, akaingia, akainama, mkono wa kulia mbele kama anayepasua maji. "Kwa heshima zote, Dok, naomba radhi kwa kukusumbua, habari za safari, nimesikia barabara ya huko imeharibika..."

"Chungwa limekwisha," alisema Pak Kasiran. "Mgonjwa mwingine!"

Bu Ngatinem akajipiga paji la uso.

"Sikiliza wewe," Pak Kasiran aliendelea. "Nimekaa dirishani posta maisha yangu yote. Nimewaona watu wanakuja dirisha linakaribia kufungwa. Anayeanza na salamu, nafunga huku ananisalimia. Anayeanza kwa kupenyeza kifurushi, hata nifunge, kifurushi kimo ndani. Neno lako la kwanza liwe kifurushi. Kifurushi chako ni nini?"

"Sina kifurushi."

"Nazirai! Kifurushi chako ni 'nazirai'!"

"Unataka niingie ofisini kwa mtoto wa watu, sijamsalimia, nimwambie 'nazirai'? Kama jambazi?"

Wakabishana hadi chai ikapoa. Mwisho wakapatana: Pak Wagiyo ataruhusiwa kuinamisha kichwa, mara moja, bila maneno, halafu atasema, "Dok, nazirai." Akafanya mazoezi. Alitoka na kuingia mpaka kuku wakazoea kumpisha, na kila mara aliinamisha kichwa na kusema "Dok, nazirai" kwa sauti nzuri ya kiume. Bu Ngatinem alijisikia nafuu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakufikiria kwamba kumwambia Kasiran si kazi. Kila mtu humwambia Kasiran kila kitu.

Kabla ya kuondoka, Pak Kasiran akamkwaruza mgongo mwenzake kwa sarafu na mafuta ya kuchua, mistari myekundu kushuka chini kama mbavu za samaki, kutoa upepo, ambao huku kwetu husemwa humwingia mtu mwilini na kumtia ugonjwa. Hiyo ilikuwa nyongeza, bila malipo.

* * *

Alhamisi, foleni ilikuwa imetoka mlangoni, imezunguka gereji ya gari la wagonjwa, imefika kwenye kibanda cha njugu na kurudi. Wallahi, kulikuwa na mama mmoja aliyeanza kufuma soksi alipofika, na alipoitwa alikuwa amevaa zote mbili.

Walikaa kwenye benchi. Nesi, binti mmoja mkakamavu aitwaye Mbak Wening, alifungua mlango. "Pak Wagiyo!"

Bu Ngatinem akasimama. Pak Wagiyo hakusimama. Pembeni yake alikuwa mzee mwenye fimbo, na Pak Wagiyo alikuwa amemgeukia kwa tabasamu. "Tangulia wewe, baba. Mimi sina haraka."

"Namba yako ndiyo iliyoitwa," Bu Ngatinem alimnong'oneza.

"Ni mtu mzima."

"Na wewe je, mtoto?"

Mzee alishaingia. Alipotoka, Mbak Wening akaita tena, "Pak Wagiyo!" Na tena akakuta Pak Wagiyo anamwonyesha njia mama mmoja mnene anayehema, kwa mkono wa kulia, kama bwana harusi anayepokea wageni.

"Baba huyu ni mgonjwa au mwongoza magari?" nesi aliuliza, na benchi zima likacheka. Bu Ngatinem alicheka pia, kwa meno tu. Chini, kidole na gumba vyake vilikuwa vimeshaupata mkunjo wa nyama ya kiuno cha mumewe. Jina lilipoitwa mara ya tatu, Pak Wagiyo aliruka mwenyewe.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke kijana, Dokta Tiurma, mzaliwa wa Sumatra, huko kwa Wabatak ambako watu hulitoa neno likiwa bado lina damu. Alikuwa anaandika. Hakuinua uso.

"Wagiyo. Hujambo?"

Pak Wagiyo aliinamisha kichwa. Mara moja. Mkewe nyuma yake aliacha kupumua.

"Sijambo, Dok, kwa baraka zako. Wewe je? Umechoka. Watu wengi leo. Mama yako huko Sumatra hajambo?"

"Hajambo. Kuna shida yoyote?"

Mlango huo! Umefunguliwa wazi kabisa! Bu Ngatinem aliliona lile neno likipanda. Aliliona kwenye kikoromeo cha mumewe, likapita, likafika kwenye meno. Na alimwona akilimeza.

"Hakuna, Dok."

"Kizunguzungu?"

"Hapana, Dok."

"Dawa unakunywa kama nilivyosema?"

"Ndiyo, Dok."

"Presha imepimwa hapo nje, nzuri kabisa." Kalamu ikakimbia kwenye karatasi. "Endelea vile vile. Mwezi ujao." Mbak Wening alishashika kitasa, alishaita jina jingine.

Bu Ngatinem alisimama katikati ya chumba kidogo akiwa na mkoba wake. Mdomoni alikuwa na maneno mawili: anadanganya, Dok. Yangetosha. Lakini alimjua mumewe. Kumvua nguo mbele ya wanawake wawili vijana, na mgonjwa mwingine anaingia! Angetoka hapo kwa adabu zake zote, angemwagia daktari shukrani, na asingerudi tena maishani. Na kesho alfajiri angesimama mbele ya pipa.

"Samahani, Dok," alisema. "Sisi wazima. Ila kuna jirani yetu."

"Jirani aje mwenyewe, achukue namba."

"Ana haya, Dok."

Kalamu ikasimama.

"Jirani yupi?" Pak Wagiyo aliuliza.

"Yule," mkewe alisema, bila kumwangalia. "Yule anayependa kuangalia sakafu."

Feni ya darini ilizunguka, ikagonga mahali, ikazunguka. Pak Wagiyo alimwangalia mkewe. Aliangalia kandambili zake. Masikio yake yalibadilika rangi. Halafu yakatokea makubwa, na hapa ndipo watu wanaponiambia naongopa: mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo, naye akavuta kiti akakaa vizuri.

"Aa, yule!" alisema. "Yule ana hali mbaya sana, Dok."

Dokta Tiurma aliinua uso kwa mara ya kwanza. Akamwangalia mume, akamwangalia mke. Akamwambia nesi, "Funga mlango kwanza."

"Ana nini huyo jirani?"

"Anazirai, Dok." Neno lilitoka bila hata kugonga meno. "Kwanza masikio yanajaa maji. Halafu mbele kunakuwa kweupe, kama mtu amekufunika shuka. Halafu anajikuta chini. Juzi kidogo aangukie pipa la soya. Anafanya kazi kama yangu, unajua. Na miguu imekuwa mizito, na mikono ya baridi, na akipanda daraja la stesheni anapumzika mara mbili akijifanya anatazama treni. Hamwambii mtu."

"Kwa nini?"

"Mkewe ataogopa."

"Mkewe anajua," Bu Ngatinem alisema.

Pak Wagiyo aligeuka. "Anajua?"

"Anajua siku nyingi. Akilala anamsikiliza anavyopumua. Pumzi ikichelewa, anamsukuma kidogo kwa kiwiko."

"Kumbe ndiyo maana..." Pak Wagiyo alisita. "Jirani alikuwa anadhani mkewe analala vibaya tu."

Kila mmoja alitazama ukuta wake. Dokta Tiurma alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Na anazirai wakati gani zaidi?" aliuliza baadaye, kwa sauti ya chini kidogo.

"Asubuhi, Dok. Akishameza dawa na kusimama kazini."

"Dawa ipi?"

"Ya kwako. Yaani, ya daktari wake. Na ile ya rafiki."

"Rafiki?"

Bu Ngatinem naye alinyanyua kichwa. Hilo hakulijua.

"Jirani ana rafiki," Pak Wagiyo alieleza kwa furaha. "Mtu mkarimu sana. Yeye alipewa vidonge vya moyo kule hospitali kubwa ya Yogya. Akaona aibu kula vitu vizuri hivyo peke yake, mwenzake anaumwa. Kwa hiyo kila asubuhi anampitishia kimoja juu ya ukuta, pamoja na ndizi ya kukaanga."

"Na jirani anakimeza."

"Atakataaje, Dok? Mtu mzima amenyoosha mkono wa kulia."

Daktari alifumba macho, akayafumbua. "Kwa bahati, huna hivyo vidonge hapo? Labda umembebea jirani."

Kwa bahati, alikuwa navyo viwili vya akiba, mfukoni mwa batiki, vimefungwa kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Dokta Tiurma alisoma jina nyuma ya bati la vidonge hivyo, akachukua vya kwake, akaviweka sambamba mezani.

"Ni kitu kimoja. Hiki ni cha kupunguza kasi ya moyo. Jirani anakula cha kwangu, anaongeza cha rafiki. Moyo wake umepigwa breki mbele na nyuma. Panda kitandani."

"Mimi, Dok?"

"Nataka kusikia moyo wa jirani. Wewe utamwazima kifua."

Vifungo vya batiki vilichukua muda ambao wengine hutibiwa na kurudi nyumbani. Lilipovuliwa shati, mistari ya sarafu ikajitokeza, mbichi, mgongo mzima.

"Naona jirani amekwaruzwa pia."

"Kwa upepo, Dok. Rafiki yule yule."

"Huyo rafiki ana kazi nyingi," alisema daktari, akaweka kipimo kifuani, akasikiliza. Nje watu walianza kukohoa kwa makusudi. Mtu akagonga mlango kwa fimbo. Mbak Wening alitoa kichwa nje akasema jambo fupi ambalo siwezi kuliandika, kukawa kimya. Kisha akaleta mashine ya kuchora mapigo, akamgandisha Pak Wagiyo nyaya kifuani, na karatasi ikatoka polepole, vilima vidogo vilivyoachana sana, kama nyumba za watu waliogombana.

Bu Ngatinem aliitazama karatasi ile asielewe kitu. Aliutazama uso wa daktari badala yake.

"Je, jirani atapona?" Pak Wagiyo aliuliza kutoka kitandani, akiangalia dari. Sauti yake ilikuwa ndogo. Hapo mzaha haukuwemo.

"Moyo wenyewe si mbaya. Umelemewa na ukarimu tu. Mwambie hivi: cha rafiki aache leo hii. Cha kwangu, kuanzia kesho, nusu. Alhamisi ijayo aje nimpime tena. Na mpaka siku hiyo, asisogelee moto wala pipa. Ana mtu wa kumkorogea soya?"

"Mke wa jirani atakoroga," alisema Bu Ngatinem.

"Na akija, asinisalimie. Mama yangu hajambo. Na avae fulana."

* * *

Wiki hiyo Pak Wagiyo alikaa kwenye kigoda mbali na moto, akatoa amri. Koroga kulia. Punguza kuni. Hayo majani hayakufutwa. Bu Ngatinem alikoroga kwa namna yake, na wateja wakasema tempe ya wiki hiyo ilikuwa tamu kuliko ya siku zote, jambo lililomuuma mwenye kigoda kuliko ugonjwa. Siku ya tatu rangi ilirudi usoni mwake. Siku ya tano alipanda daraja la stesheni bila kutazama treni hata moja. Alhamisi alikwenda amevaa fulana, na vile vilima kwenye karatasi vilikuwa vimesogeleana kama majirani wema. Mpaka leo hajaiangalia sakafu tena.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika juzi, nikiisimulia kibandani kwa Yu Sarmi muuza kahawa, mvua inanyesha, watu wamejaa. Kwa kuwa walikuwa wananisikiliza vizuri, niliongeza kidogo tu pale mwisho. Nilisema kwamba aliyeshuku habari ya dawa tangu mwanzo alikuwa ni Pak Kasiran, kwamba yeye ndiye aliyempigia daktari simu, na kwamba daktari alimwita "profesa".

"Pak Kasiran," sauti ilisema nyuma yangu.

Bu Ngatinem alikuwa amesimama mlangoni na kapu la tempe kichwani, maji yanamchuruzika. Sijui alikuwepo tangu lini.

"Bu Ngatinem! Karibu, karibu. Nilikuwa nawasifu hapa."

"Nimesikia. Mwerevu. Sura ya kupendeza." Akatua kapu. "Ulikuwepo chumbani kwa daktari?"

"Karibu na kuwepo."

"Ulikuwa kwako, umelala, redio inalia. Nilipita nikakufungia mlango." Watu walianza kuvuta mabenchi karibu. "Sasa umeacha kipande. Malizia."

"Kipande gani? Nimesema kila kitu."

"Tulipokuwa tunatoka, daktari aliuliza nini kuhusu yule rafiki mkarimu?"

Niliangalia ndani ya glasi yangu ya kahawa. Kulikuwa na mashapo tu.

"Kwani rafiki mkarimu ni nani?" Yu Sarmi aliuliza, na mtu mmoja akamjibu, "Nani mwingine ana ukuta mmoja nao?" Kibanda kikalipuka.

"Daktari aliuliza," alisema Bu Ngatinem, akingoja kicheko kitulie, "mtu anayegawa vidonge vyake kila asubuhi, yeye mwenyewe anakunywa nini?"

"Mimi sijisikii kuumwa," nilisema.

"Ndivyo alivyosema na yeye. Akiwa sakafuni."

Hakuna aliyecheka safari hiyo. Bu Ngatinem akatoa kwenye mkunjo wa nguo kile kikaratasi cha pakiti ya sigara, akakiweka mbele yangu. "Daktari kasema virudi kwa mwenyewe. Kimoja leo, kimoja kesho, na Alhamisi unakuja nami. Benchi nitakuwekea."

Nilijaribu kusema kwamba nitakimeza nyumbani, baada ya kula. Yu Sarmi aliondoa glasi ya kahawa, akaweka ya maji. Watu kama kumi na tano waliniangalia. Nikameza.

"Fungua mdomo," alisema Bu Ngatinem.

"Bu, mimi ni mstaafu wa serikali."

"Inua ulimi."

Nikainua ulimi. Akachungulia, akaridhika, akabeba kapu lake akaenda zake mvuani. Yu Sarmi akaniambia kwamba kwa desturi ya kibanda chake, anayekamatwa na uongo analipia waliousikiliza, na ingawa desturi hiyo ilizaliwa dakika ile ile, sikupata mtu wa kunitetea. Nikalipa kahawa ya wote na tempe za kukaanga za wote, pamoja na za bwana mmoja nisiyemjua, aliyekuwa amejikinga mvua tu, ambaye alikuwa amekula sahani nzima na sasa, alipoona nani analipa, akaomba nyingine na pilipili.